Kobe wa maji wa nyumbani: uchukue dume, jike ama mtoto ambaye bado hajulikani?

Karibu miaka mitatu tulikuwa tunamwita Achieng. Watoto ndio walimpa hilo jina, la Kijaluo la msichana aliyezaliwa mchana, juu aliletwa hapa kwetu Kisumu saa sita mchana, jua liko utosini, gamba lake likitoshana na kifuniko cha jerikeni, na familia iliyotuachia ilikuwa inahama ikatuambia tu "huyo ni msichana, ukimwangalia uso unaona". Tukaamini. Tukaanza hata kupanga vile akikua tutamtafutia dume asikae peke yake. Halafu mwaka wa tatu kucha za mikono ya mbele zikaanza kurefuka, zikarefuka tu, mkia ukanenepa pale unapoanzia, na asubuhi moja nikamkuta mbele ya kioo cha tenki anatetemesha hizo kucha kwa sura yake mwenyewe. Achieng akawa Ochieng, jina la mvulana. Kama tungekuwa tumemletea dume mwenzake wangeumizana vibaya, na hiyo ndio sababu nimekaa chini kuandika haya yote.

Watu huniuliza nichukue dume ama jike. Mimi naona chaguo ni tatu: kuna dume, kuna jike, na kuna mtoto mdogo ambaye hakuna mtu anaeza kukuambia kwa uhakika ni nani, na huyo wa tatu ndiye wengi wetu hupewa. Nitawaangalia wote kwa vitu vilevile: unamtambuaje, anataka nafasi na maji kiasi gani, tabia yake akikomaa, shida zake za afya, na mfuko. Mwisho nitasema nani anamfaa nani.

Lakini kwanza tujue tunaongea kobe gani. Naongea slaida, yule wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, asili yake Marekani upande wa mto Mississippi. Siongei opuk, yaani kobe wa asili wa hapa kwetu. Yule kobe mkubwa wa nchi kavu mwenye madoa ambaye watu wa Naivasha na Gilgil hukutana naye akivuka barabara, na wale kobe wa matope wanaoishi ziwani na kwenye mitaro, hao ni wanyamapori na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ndio ukae nao. Usichukulie rahisi. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya sisimizi walioshikwa nao huko Naivasha, sasa kama ni sisimizi, kobe je? Hata huyo slaida mgeni, omba karatasi za mahali alitoka na uulize ofisi ya KWS iliyo karibu kabla hujamleta nyumbani.

Kumtambua

Hapa ndio kuna kazi. Weka umri kando, angalia ukubwa, juu kobe anayekula vizuri na kupata joto hukua haraka kuliko mwenye umri sawa anayekaa kwa maji baridi. Pima gamba la juu kwa mstari ulionyooka kutoka shingoni hadi mkiani, rula chini na vitabu viwili pande zote mbili, usipitishe futi ya fundi nguo juu ya mgongo juu utapata kipimo cha uongo.

Dume anajionyesha gamba likifika kama sentimita 10. Kucha za mbele zinakuwa ndefu na nyembamba, ukizilinganisha na za nyuma unaona kabisa si sawa, wakati za jike zote zinafanana kwa urefu. Mkia wa dume ni mrefu na mnene, na tundu la haja liko mbali kwenye mkia, nje ya ukingo wa gamba. Wa jike ni mfupi, umechongoka, na tundu liko karibu na mwili, chini ya gamba ama pale tu ukingoni. Gamba la tumbo la dume linaeza kubonyea kidogo kuingia ndani lakini kwa slaida si jambo la kutegemea. Dume mzee pia anaeza kuwa mweusi polepole, mistari ya manjano ikapotea, hata ule wekundu wa kando ya jicho ukafifia, watu wengine hudhani ni ugonjwa.

Sasa sikiliza hapa vizuri juu ndio mahali wengi tunakosea. Kucha ndefu ni ushahidi wa dume. Kucha fupi si ushahidi wa jike. Kucha fupi inaeza kuwa ni jike, inaeza kuwa ni dume ambaye hajafika wakati wake, na mtu akikuuzia kobe wa sentimita 7 akisema "angalia kucha fupi, huyu jike" hajakudanganya labda, lakini hajui. Jike unamthibitisha kwa kungoja: akipita sentimita 12 au 13, kucha bado fupi, mkia bado mfupi, hapo sasa unaeza kusema. Ukomavu wake wa kutaga huja baadaye zaidi, gamba likiwa kati ya sentimita 15 na 20. Kwa hivyo dume anajulikana mapema, jike anajulikana kwa uvumilivu.

Na mtoto? Mtoto wa sentimita 3 hadi 8 hana alama unayoeza kuiona kwa macho. Rangi ya macho, umbo la uso, vile anakula, hizo zote si kitu kwa slaida. Kuna madaktari duniani ambao huingiza kamera nyembamba waone viungo vya ndani, lakini kwa kobe wa nyumbani ambaye ni mzima mimi siwezi kumfanyia hivo ili tu nijue jina la kumpa. Kitu kimoja kinachosaidia kidogo ni kujua mayai yaliangulishwa kwa joto gani. Slaida hawapati jinsia kwa kurithi kama sisi, joto la mayai ndio huamua: yakikaa kama nyuzi 26 hutoka madume, yakikaa 31 na kupanda hutoka majike. Mtu akiniambia inkubeta yake ilikuwa na joto la juu muda wote, nitakisia jike. Ila yai likishaanguliwa mambo yameisha, kuongeza joto kwa tenki hakumbadilishi, nimesikia watu wakisema hivo hadi hapa mtaani.

Neno moja kwa wale walio na kibali cha kobe wa madoa wa nchi kavu: msitumie kucha kabisa. Kwa hao, mgeuze polepole uone tumbo, la dume limebonyea waziwazi kama sahani, la jike ni bapa, na mkia wa dume ni mrefu zaidi. Ngoja apite sentimita 20 hivi ndio uamue, na umrudishe miguuni haraka, hawapendi kugeuzwa.

Nafasi na maji

Hapa dume na jike wanatofautiana sana kuliko watu wanavyodhani. Dume mkubwa mara nyingi husimama kati ya sentimita 15 na 20. Jike hupita 20 na anaeza kufika 28 ama zaidi. Wafugaji hutumia kipimo cha karibu lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba, sasa piga hesabu, dume wa sentimita 18 anataka karibu lita 290, hiyo ni pipa moja na nusu, na jike wa sentimita 25 anataka lita 400, mapipa mawili kamili. Kwa nyumba ya chumba kimoja Nyalenda ama Manyatta hiyo tofauti ya nusu pipa ni mahali pa kitanda cha mtoto. Na maji yenyewe yanatoka wapi, wiki ambayo mfereji umekauka utanunua mitungi ya kobe kabla ya yako?

Jike pia anataka nchi kavu ya kuchimba, nitafika hapo kwa afya. Dume anataka tu mahali pa kupanda kuota jua.

Mtoto ndiye anadanganya macho. Anakaa vizuri kwa beseni, anapendeza, na baada ya miaka miwili beseni limekuwa jela. Mimi ushauri wangu kwa mtu mwenye mtoto asiyejulikana ni huu: panga kama ni jike. Ukipangia lita 400 na akawa dume, umempa dume raha. Ukipangia dume na akawa jike, utaanza kutafuta mtu wa kumpa, na ukikosa, mawazo yanaanza kwenda ziwani.

Na ziwani hapana, tafadhali. Slaida yuko kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, anakula chakula cha kobe wetu wa matope na kuwanyang'anya mahali pa kuota jua. Sisi watu wa Kisumu hatuhitaji kuelezwa maana ya kiumbe mgeni ziwani, mbuta aliletwa miaka ya 1950 na samaki wadogo wengi tuliokuwa nao hawapo tena, gugu maji nalo tunaliona mpaka leo pale Dunga boti zikikwama.

Tabia

Dume ni mchangamfu, anaogelea sana, na akikomaa kitu kiko akilini ni kutongoza. Anaenda mbele ya jike, ananyoosha mikono, anatetemesha zile kucha usoni kwake haraka haraka. Ni kitu kizuri sana kuangalia, siwezi kukataa. Lakini kwa tenki dogo jike hana pa kukimbilia, atasumbuliwa kutwa, ataumwa shingo na miguu, atakataa kupanda kuota jua. Dume na dume ni mbaya zaidi, wanang'atana mikia na macho.

Jike huwa mtulivu zaidi kwa ujumla lakini si kanuni, kuna majike wenye hasira na mdomo wake ni mkubwa kwa hivyo akikuuma unajua. Majike wawili wanaeza kukaa pamoja kama nafasi ni kubwa kweli, na bado uwaangalie.

Ukitaka kobe mmoja tu, tabia isikusumbue, dume au jike wote huzoea mtu na kukuja mbio wakisikia mlango wa jikoni. Slaida hahitaji mwenzake. Hiyo ya "asikae peke yake" tulikuwa tunamwekea sisi hisia zetu.

Afya

Jike ana mzigo mmoja mkubwa, mayai. Atataga hata kama hajawahi kuona dume maishani, vile kuku wa layers hutaga bila jogoo, na anaeza kutaga zaidi ya mara moja kwa mwaka. Akikosa mahali pa kuchimba anayazuia ndani, na mayai yaliyokwama yanaua.

Shemeji yangu anakaa Lanet, Nakuru, ako na jike wa sentimita 22. Siku moja akanipigia usiku. "Shem, huyu wangu hajakula siku ya nne, na anakwaruza glasi usiku kucha kama anataka kutoka." Nikamuuliza kama amemwekea mchanga. "Mchanga wa nini, si huyu ni wa maji?" Nikamwambia asingoje asubuhi ya kesho kutwa, ampeleke kwa daktari wa wanyama apigwe picha. Picha ikaonyesha mayai tisa yamepangana ndani. Akapewa kalisiamu na sindano ya kusukuma, yakatoka, mtoto wa shemeji alilia akidhani kobe anakufa. Sai kuna karai kubwa kando ya tenki, limejaa mchanga umechanganywa na udongo, una unyevu, kina kinafika sentimita 25, na msimu ukifika anamweka humo na kumfunikia pazia ili asione watu.

Kama jike wako aliwahi kukaa na dume, jua pia anaeza kuhifadhi mbegu ndani yake na kutaga mayai yenye watoto hata miaka baada ya kuachana.

Dume naye ana yake, haisemwi sana juu watu wanaona haya. Mara kwa mara atatoa kiungo chake majini, kikubwa, cheusi cha zambarau, na mwenye kobe akiona mara ya kwanza anadhani ni matumbo yametoka. Kikirudi ndani baada ya dakika chache hakuna shida. Kisiporudi kwa saa nzima, mtoe majini mahali penye kobe wengine ama samaki wa kumdonoa, kifunike kwa kitambaa safi chenye maji, na uende kwa daktari siku hiyohiyo.

Wote watatu, dume, jike na mtoto, wanataka joto na jua. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na joto linatubeba, Nakuru iko karibu mita 1,850 na usiku wa Julai maji ya tenki yanakuwa baridi mpaka kobe anakataa kula, huko hita si anasa. Jua lipite moja kwa moja, likipita kwa kioo cha dirisha ile miale inayojenga gamba inabaki nje. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, kobe hubeba salmonela bila kuugua yeye mwenyewe. Marekani walikataza tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Inchi 4 ni zile sentimita 10 zetu, kwa hivyo nyumba yenye mtoto wa kutambaa ina sababu mbili za kungoja kobe mkubwa.

Mfuko

Sitaweka bei, zinabadilika. Jike anakula zaidi, maji zaidi, filta kubwa, na weka kando kitu cha daktari. Dume ni nafuu kidogo kwa yote. Mtoto anaonekana rahisi kuliko wote siku ya kwanza na mwisho anaeza kuwa ghali kuliko wote, juu utanunua tenki mara mbili au tatu akikua. Chakula kwetu si shida kubwa: wakubwa wanataka majani zaidi, sukuma wiki na terere, omena kidogo, watoto wanataka nyama na samaki zaidi. Gugu maji la ufukweni usichote ukampa, linafyonza metali nzito kutoka kwa maji machafu. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa ni kalisiamu nzuri kwa jike.

Kulingana na hali yako

Unakaa nyumba ya kupanga, nafasi ndogo, unataka mmoja: tafuta dume aliyekomaa ambaye kucha zake umeziona kwa macho yako. Usikubali mtoto anayesemekana dume.

Uko na kiwanja, labda Mamboleo ama Njoro, unaeza kuchimba bwawa dogo lenye ukuta kobe asitoroke na mwewe asimfikie: jike atakufaa na atakuwa mkubwa wa kupendeza, mradi kona moja iwe ya mchanga na uwe unajua daktari anayeshughulikia kobe kabla hujamhitaji. Kama uko upande wa Nakuru ongeza mahali pa joto pa kulala.

Unataka wawili: majike wawili kwa nafasi kubwa, au kila mmoja tenki lake. Dume na jike pamoja ni kukubali mayai na watoto ambao hutakuwa na mahali pa kuwapeleka, mimi singefanya.

Watoto wako wanataka kumlea kutoka mdogo: sawa, mtoto ni raha ya kipekee, kumwona akibadilika ni kitu ambacho sisi hatungebadilisha na Ochieng. Ila wawe wamepita umri wa kutia vitu mdomoni, mwite jina linalokaa pande zote mbili, na nyumba nzima ikubali kwamba kobe huyu anaeza kuishi miaka 20, 30 na kupita.

Umemwokota kwenye mtaro baada ya mvua, Kajulu ama wapi: kama hana ule mstari mwekundu wa slaida, huyo ni wa hapa, iwe dume iwe jike. Mrudishe karibu na maji alipotoka, kama ameumia piga simu KWS.

Na kama tayari uko na mmoja wa sentimita 8 au 9 na huna raha ya kungoja, pima leo, piga picha ya mikono ya mbele na mkia kutoka chini, andika tarehe. Rudia kila mwezi mkao uleule. Kwa picha za miezi sita zikiwa pamoja utaona kucha zikiondoka zenyewe, au utaziona zimekaa palepale huku gamba likikimbia.